Kibaraza cha Mama Benjamini

Mtae, 11 Juni 2024

Dada yangu mpendwa Beatha,

Shikamoo dada. Natumaini joto la Mazinde halijakumaliza. Huku kwetu ni baridi ile ya Juni unayoijua, ukungu unaingia mpaka chumbani bila hodi.

Naandika kuomba radhi kwa kutofika kwenye ubatizo wa kitukuu chako. Nilikuwa nimejiandaa kabisa, hata suti niliipiga pasi. Lakini kabichi zilitaka kuvunwa, na mvua ilikuwa imeharibu barabara, na tena tulikuwa na kikao cha wazee wa kanisa. Mambo yote hayo siku moja, dada, ningefanyaje?

Usiniulize kwa nini sikupiga simu. Ili mtandao ushike hapa kwangu mpaka nipande kule juu shuleni, na nikifika huko inabidi nipaze sauti, walimu na wanafunzi wote wajue habari za ukoo wetu. Barua ni bora. Raheli akileta kabichi zake huko chini atakupa mkononi.

Afya yangu ni njema. Kazi ya uzee wa kanisa inaendelea. Siku hizi natoka nyumbani mapema sana kwenda ibadani, maana nimeamua kusalimiana na watu njiani. Zamani nilikuwa mtu wa kupita mbio tu. Sasa nikikutana na mtu nasimama, tunaanza na salamu ya kwetu, onga mshi, tunaulizana habari za watoto, ng'ombe, mahindi, mpaka ziishe. Mchungaji amenisifu mbele ya usharika kwamba nimekuwa mnyenyekevu.

Wasalimie wote.

Mdogo wako,
Hezekia


Mazinde, 20 Juni 2024

Mdogo wangu Hezekia,

Marahaba. Barua yako nimeisoma, nikaisoma tena, nikacheka. Mtu mwenye sababu moja ya kutofika ninamwamini. Mwenye sababu tatu anaficha ya nne. Na Raheli anasema barabara ilikuwa kavu mpaka vumbi lilikuwa linampalia.

Sasa nisikilize. Hiyo sababu ya nne naijua. Raheli amenieleza bila mimi kumwuliza, unajua mdomo wake hauna kitasa. Anasema kila ukienda kanisani unakaa kwenye kibaraza cha Rahabu, mjane wa marehemu Shemhina yule seremala. Unakaa, unaletewa chai. Ukirudi, unakaa tena. Siku ya kwaya, siku ya kikao, siku ya ibada. Anasema siku moja ulipita na kofia mkononi, ukasimama kabla hata ya kufika mlangoni, ukashika nguzo yake ukaangalia chini kama kijana aliyekuja kuposa.

Hezekia! Umri huu!

Sikukatazi. Wifi yangu Secilia tulimlilia ipasavyo, na yeye mwenyewe asingependa uwe unakula ugali wa jana peke yako. Binti yako Glory yuko Tanga na ndoa yake, hawezi kukupikia. Rahabu namkumbuka, mwanamke mtulivu, hana makuu. Ila wewe ni mzee wa kanisa, na yeye ana watoto wakubwa. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Niambie wazi, lipo au laja?

Mimi dada yako,
Beatha

Miguu yangu imevimba tena na joto hili. Nimewaambia watu wote, hata muuza mkaa, kila mmoja ananiletea dawa yake.


Mtae, 29 Juni 2024

Dada yangu,

Shikamoo. Nimepata barua yako na nimeshtuka kidogo kuona mambo yangu yanasafiri na kabichi.

Mimi si mtu wa kukanusha kila neno linalosemwa njiani. Mama Benjamini, yaani huyo Rahabu, ni mwanamke wa heshima. Ni kweli napumzika kwake. Ni kweli ananipa chai. Mwanzoni nilikuwa nasimama tu, baadaye akaweka kigoda, sasa kuna kiti chenye mto. Sikuomba. Tunaongea habari za kawaida, za mazao na za marehemu mumewe. Ni mtu anayejua kunyamaza, jambo ambalo katika ukoo wetu ni adimu, usinielewe vibaya.

Watu wakisema, waache waseme. Kuna mambo mabaya zaidi ambayo mtu anaweza kusemwa.

Mdogo wako,
Hezekia


Mazinde, 10 Julai 2024

Mdogo wangu,

Hukusema ndiyo, lakini hukusema siyo. Mimi ni mtoto wa mama yetu, najua mwanamume wa nyumba ile anavyokubali jambo. Baba alimwoa mama kwa kukohoa tu.

Basi nimekusaidia. Nimenunua kitenge hapa Mazinde, kizito, cha zambarau na maua meupe, nikakifunga pamoja na sukari na tende, nikampa Raheli apeleke kwa Rahabu kwa jina langu. Sikuandika neno. Kwetu dada mkubwa akipeleka kitenge kwa mwanamke asiye na mume, barua ya nini tena? Nyumba yetu imeshabisha hodi.

Raheli amerudi na majibu. Anasema Rahabu alipokea kwa mikono miwili, akakiweka magotini, halafu akasema, "Mwambie dada asante. Mwambie sikutegemea." Akamlisha Raheli ndizi na nyama mpaka akashindwa kuinuka.

Najua utanuna kwamba nimekuharakisha. Nuna, halafu unishukuru.

Beatha


Mtae, 19 Julai 2024

Dada,

Shikamoo. Sijui nianze wapi. Nimechana karatasi mbili tayari.

Hakuna uchumba. Haukuwepo. Ni mguu.

Ni mguu wa kulia, dada. Nikitembea kutoka nyumbani, nikashuka bondeni na kuanza kupanda, kigimbi kinabana kama mtu amekifunga kamba. Nikiendelea kinawaka. Nikisimama kidogo kinaachia, nakuwa mzima kabisa, naweza kwenda tena. Ndiyo maana nilianza kusalimiana na watu. Kila salamu ilikuwa pumziko. Watu walidhani ni unyenyekevu na mimi nikapokea sifa, hata ya mchungaji. Lakini kilima kile ni kikali, na mahali mguu unapokataa kabisa ni pale pale kwenye nguzo ya Mama Benjamini. Angekuwa anakaa nyumba ya chini, ningekaa ya chini. Hiyo ndiyo habari yote.

Ubatizo sikufika kwa sababu kutoka kwangu mpaka kwenye basi ni kupanda, na abiria wangeniona.

Utauliza kwa nini sikusema. Unamkumbuka baba. Mtu aliyekuwa anasuluhisha ugomvi wa mashamba, watu wanatoka mbali kuja kumsikiliza. Ulianza kwa mguu kuwa wa baridi, ukaja kidonda, wakaukata, na tangu siku ile alikuwa Kiguu. Hata wajukuu walimwita hivyo. Alikaa jikoni mpaka alipokufa, hakuna aliyemwuliza shauri tena. Na mwaka jana tulipokwenda kuchimba kaburi la mwinjilisti, mzee mwenzangu mmoja alipumzika mara moja tu, vijana wakamwambia akawasaidie akina mama kuchagua mchele. Watu walicheka. Na mimi nilicheka, dada.

Kwa hiyo uliponiandikia habari ya Rahabu, nikaona afadhali. Mzee anayetembelea mjane bado ni mwanamume. Sikusema uongo. Niliacha tu watu waseme, na nikakaa kwenye kile kiti chenye mto.

Sasa kuna kitenge. Dada, tafadhali mtume Raheli akakichukue, aseme alikosea nyumba. Mimi sithubutu kupita pale. Jumapili iliyopita nilijifanya nina homa.

Hezekia


Mazinde, 23 Julai 2024

Hezekia,

Leo sikuandikii marahaba kwa furaha, nakuandikia kwa kuwa ni desturi.

Kitenge hakirudi. Kimeshashonwa. Jumapili ile uliyokuwa na homa yako, Rahabu alikivaa kanisani. Raheli alimwona. Alikaa mstari wa mbele, wanawake wote wakamgeukia kumpongeza. Unajua mjane yule hajavaa rangi tangu Shemhina afe? Alikuwa kila siku na kahawia yake. Mimi ndiye niliyemvika zambarau na kumsimamisha mbele ya watu, na aibu hiyo naisikia mpaka kwenye mifupa. Lakini ya kwangu ni ya mdomo mrefu, na hiyo nimeizoea. Ya kwako ni nyingine. Ulijua, na ukanywa chai.

Amewaambia watoto wake. Benjamini hakupenda, ameacha kumpigia mama yake simu. Mama wa watu amegombana na mwanawe kwa ajili ya kigimbi chako.

Utafanya mambo mawili. Kwanza utashuka Lushoto hospitali, wiki hii hii, na kama ni kukodi pikipiki mpaka mlangoni kodi, wakuone. Baba hakukatwa mguu kwa sababu ulimuuma. Alikatwa kwa sababu aliuficha mpaka ukanuka. Na wewe una dalili zake zote, nikuulize, unavuta bado nyuma ya banda la ng'ombe? Secilia aliniambia zamani, sikutaka kukuaibisha.

Pili, utamwambia Rahabu mwenyewe. Si mimi, si Raheli. Wewe.

Dada yako,
Beatha


Mtae, 9 Agosti 2024

Mama Benjamini,

Salamu katika Bwana. Natumaini u mzima.

Barua hii naituma kwa mkono wa Raheli, ambaye nimemwapisha asiifungue, kwa kuwa nimefika mpaka bondeni mara mbili nikitaka kuja mwenyewe, nikageuka. Si mguu ulionirudisha. Mguu nilikuwa sijaanza hata kuusikia.

Nilikuwa Lushoto kwa daktari. Alinipima presha mkononi, halafu akanipima kwenye kifundo cha mguu, akatikisa kichwa. Amesema mishipa inayopeleka damu mguuni imekuwa myembamba, damu haifiki ya kutosha, ndiyo maana nikitembea unalia na nikipumzika unanyamaza. Amesema mimi mwenyewe nimesaidia kuiziba kwa sigara. Ndiyo, mama, mimi mzee wa kanisa ninayewashauri vijana. Amenipa vidonge, amenikataza sigara kabisa, amenikataza kuota miguu motoni hata kukiwa na baridi namna gani, kwa maana siwezi kusikia inapoungua. Kidole gumba kina kidonda, na hicho ndicho anachokiogopa zaidi. Kikipona, nitembee kila siku mpaka mguu uanze kuuma, nipumzike, nitembee tena.

Ninakueleza haya ili ujue nilichokuwa nafanya kwenye kibaraza chako. Nilikuwa napumzisha mguu. Kila siku niliyokaa pale nilikuwa napumzisha mguu, na sikukuambia. Watu waliposema maneno mengine niliyaacha yasemwe, kwa kuwa yalinifaa. Kitenge kilitumwa na dada yangu bila mimi kujua, lakini alikituma kwa sababu ya barua yangu isiyo na kichwa wala miguu. Kosa ni langu, si lake.

Sistahili kukuomba kitu. Naomba radhi.

Hezekia


Mtae, 13 Agosti 2024

Baba Glory,

Shikamoo.

Nimesoma barua yako. Nilikuwa na unga mikononi, nikanawa kwanza, kwa maana nilidhani ni barua ya namna nyingine.

Pole kwa kuumwa. Nasema pole kwa dhati, kidonda cha mguu si mchezo. Kifunge na kitambaa safi, usiweke majani ya mtu yeyote.

Nikueleze na mimi ya kwangu, kwa kuwa umenieleza yako. Asubuhi ya ibada nilikuwa nachemsha maji ya chai mapema ili ukifika usingoje. Ule mto nilishona mwenyewe. Nilikuwa nakuona kutoka dirishani unavyoukaribia mlango wangu, unapunguza mwendo, unashika nguzo, unainamisha kichwa, unavuta pumzi kabla ya kubisha hodi. Nilidhani ni mimi. Mtu wa miaka yangu, mwenye wajukuu, nilikuwa nyuma ya pazia nadhani ni mimi.

Kunikataa hakuniumizi sana, hukunitaka na hukuniomba. Kinachoniumiza ni yale ya kisimani. Wanawake waliponiuliza, nilitabasamu. Sikusema kitu, nilitabasamu tu, na wewe ulikuwa unajua. Mwanangu aliponiambia namwaibisha baba yake kaburini, nilimjibu kwamba wewe ni mtu mkweli.

Kitenge cha dada yako sirudishi. Kimekatwa kwa kipimo changu, hakimfai mtu mwingine.

Usikae tena kwenye kibaraza changu. Mguu ukikukamata, kaa njiani, watu wakuone, kama nilivyoonekana mimi.

Rahabu


Mtae, 19 Agosti 2024

Dada Beatha,

Shikamoo. Nakueleza mwenyewe kabla Raheli hajafika.

Jana nilikwenda ibadani. Nilipofika kwa Mama Benjamini mguu ulikuwa umeshaanza, lakini sikusimama. Kiti hakikuwepo. Nilipita, nikaenda kama hatua za kuvuka shamba la maharage, pale kwenye kona, mahali ambapo watu wa upande wa juu na wa upande wa chini wanakutana. Hapo ukakataa. Hakuna ukuta, hakuna jiwe. Nikakaa chini, dada, kwenye udongo, na suti.

Watu wakajaa. Kwaya nzima, akina mama, mzee mwenzangu yule niliyemcheka makaburini. Wakadhani nimeanguka. Nikawaambia sikuanguka, nimekaa. Nikasema kwa sauti, kwamba nina ugonjwa wa mishipa ya mguu, kwamba nilikuwa nikipumzika kwa Mama Benjamini kwa sababu hiyo, kwamba hakuna posa wala uchumba, na kwamba mama yule hana neno lolote la kujibu kwa mtu.

Unajua walivyofanya? Hawakuniamini. Mmoja akasema nyuma, wala hakunong'ona, "Kitenge kimeshonwa, babu kaugua." Wakacheka. Mwingine akasema wanaume wa siku hizi hata wazee wanatoroka. Nikaona nimemfanya awe mjane aliyeachwa, ambalo ni baya kuliko la kwanza.

Ndipo nikapandisha suruali. Nikavua kiatu na soksi. Hujauona mguu huo, dada. Umekauka, unang'aa, hauna nywele, rangi yake si rangi yangu, na kidole kile kina kidonda chenye maji. Nikauweka mbele yao, mbele ya wanawake na watoto wa Sunday school, nikasema guseni kama hamniamini. Kicheko kikakatika. Yule mzee mwenzangu akachuchumaa, akaushika kwa mkono wake, akasema, "Wa baridi kabisa." Mama mmoja akajifunika uso na kanga. Nilitaka ardhi ipasuke. Na kwa sababu mguu ulikuwa bado haujaachia, nilibaki pale nimekaa, mguu wazi, wao wakipita mmoja mmoja kwenda kanisani, wakiniambia pole, pole, pole mzee.

Rahabu alikuja mwisho. Alikuwa amevaa kahawia. Aliutazama mguu, hakunitazama mimi. Akapita.

Nimemwandikia mchungaji kujiuzulu uzee wa kanisa. Bado hajajibu. Sigara nimeacha, usiku naota navuta. Jina la Kiguu halijasikika bado, lakini nalisubiri.

Mdogo wako,
Hezekia


Mtae, 26 Agosti 2024

Baba Glory,

Shikamoo. Mchungaji amenituma nikuambie amekataa barua yako ya kujiuzulu, na vijana watakuwa wanakuleta na pikipiki mpaka kidonda kifunge. Nimekubali kuandika kwa kuwa nina langu pia.

Benjamini alipiga simu Jumatano. Habari za kwenye kona zimemfikia huko aliko. Akaniuliza, "Mama, kumbe yule mzee alikuwa mgonjwa? Wewe ulijua?"

Nikamjibu ndiyo. Nikasema nilijua tangu siku ya kwanza, nilimwona anavyochechemea, nikamwekea kiti kwa huruma ya Kikristo, na hayo mengine watu walijitungia. Mwanangu akalia kwenye simu. Akaniomba radhi kwa kunidhania vibaya, akasema mimi ni mama wa pekee. Jioni kisimani wakaniuliza lile lile, nikawajibu vile vile. Kuhusu kitenge nimesema ni asante ya dada yako kwa kukutunza. Sasa wananisifu, Baba Glory. Mchungaji anataka kunisimamisha mbele ya usharika.

Nitasimama. Nitavaa zambarau, maana nisipoivaa wataanza kuuliza upya.

Wewe peke yako unajua nilichokuandikia. Barua ile nakuomba kwa moyo usimwonyeshe mtu. Na ukiulizwa, na mtu yeyote, sema Mama Benjamini alijua ni mguu tangu mwanzo. Nakuomba useme hivyo hata kwa dada yako.

Rahabu